Skii Pana na Theluji za Aina Nyingi: Niliyoyaona Pamoja na Mwanangu





Mimi nimezaliwa Chienge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru. Huko baridi yetu kubwa ni ile ya asubuhi za mwezi wa Juni na Julai, na barafu tunayoijua ni ile ya kuhifadhia samaki. Lakini leo riziki yangu inatokana na theluji. Nafanya kazi katika karakana ya vifaa vya skii kwenye milima ya Wasatch, jimbo la Utah, Marekani. Nanoa makali ya chuma, napaka nta, nafunga na kurekebisha vifungo vya buti. Kila nikija nyumbani kusalimia, vijana wa Puta na Nchelenge huniomba niwaonyeshe picha, na swali lao ni lile lile: "Mjomba, mbona mbao nyingine ni nyembamba na nyingine ni pana namna hii? Ipi ni bora?"

Msimu uliopita swali hilo lilitoka ndani ya nyumba yangu. Mwanangu wa kwanza, mwenye miaka 16, alikuwa ameweka akiba ya dola 650 kwa kuosha vyombo kwenye mkahawa siku za mapumziko. Akaniambia, "Baba, nataka kununua skii za milimita 116." Alikuwa ameziona kwenye filamu, mtu anashuka mlimani theluji ikimfika kifuani, kama anaruka mawinguni. Fedha ni zake na amezitolea jasho, sikutaka kumkataza tu kwa neno moja. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nafanya kazi karakana. Tuazime skii za aina tatu, tuzijaribu kwenye kila theluji itakayonyesha kuanzia Januari hadi Machi. Kisha utaamua mwenyewe." Akakubali.

Nimeona niwaandikie tuliyoyaona. Najua wanafunzi wetu wengi siku hizi wako nchi za baridi, Uturuki, Urusi, Kanada na kwingineko. Mwanafunzi aliyeko Erzurum, kwa mfano, mlima wa Palandöken anauona kwa macho kutoka mjini, na wenzake darasani watamwalika. Ni vizuri akaenda akiwa anajua kidogo.

UPANA UNA MAANA GANI?

Skii ikitajwa upana, kinachopimwa ni kiuno chake, yaani sehemu ya katikati chini ya buti. Kichwa na mkia huwa vipana zaidi. Skii za mashindano ya giant slalom zina kiuno kisichozidi milimita 65. Hizo ndizo anazozijua Sabrina Simader, binti aliyezaliwa Kilifi, akakulia Austria na kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Pyeongchang mwaka 2018. Zile za kawaida za kukodi huwa na milimita kama 75 hadi 85. Za katikati ni 90 hadi 105. Zikipita 110, watu huziita skii za unga, kwa sababu zimetengenezwa kwa ajili ya theluji mpya, laini na yenye kina.

Kwa nini upana usaidie? Wewe msomaji uliyewahi kupanda baiskeli unajua jibu. Baiskeli ya tairi nyembamba kwenye lami inakwenda kama mshale, lakini ukifika kwenye mchanga wa ufukoni unashuka na kuisukuma. Tairi pana inapita juu ya mchanga, ila kwenye lami inakuchosha. Uzito wako ni ule ule, kilichobadilika ni eneo linalobeba uzito huo.

Tufanye hesabu ndogo. Nyayo mbili za mtu mzima zinagusa chini eneo la kama sentimita za mraba 500. Skii mbili za urefu wa sentimita 170 na kiuno cha milimita 78, ukizihesabu kama mbao zilizonyooka, zinagusa kama 2,650. Za milimita 116 zinafika karibu 3,950, yaani mara moja na nusu. Ndiyo maana mtu akivua skii kwenye theluji mpya anazama hadi kiunoni, na akizivaa anaelea.

Skii pana hazikuanza zamani sana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mhandisi Rupert Huber wa kampuni ya Atomic ya Austria alianza kutengeneza skii pana kupita zote za wakati ule. Wajuzi walizicheka, wakasema hizo ni za wazee wanaopelekwa milimani kwa helikopta huko Kanada. Kisha akaja Mkanada Shane McConkey, aliyesema kwamba theluji laini inafanana na maji kuliko inavyofanana na barafu. Aliwahi hata kuteremka milima ya Alaska akiwa amevaa skii za kuvutwa na boti majini! Mwaka 2002 kampuni ya Volant ikatoa skii aliyoibuni, ikaitwa Spatula, kwa jina la mwiko bapa wa kugeuzia chapati. Ncha na mkia wake vilipinda juu kama mtumbwi. Leo karibu kila skii ya unga ina kitu ilichorithi kutoka kwenye mwiko ule.

Nilipomweleza mwanangu habari hii, nilimkumbusha babu yake mkuu, aliyekuwa mvuvi wa Mweru. Ukimwuliza mzee yule chombo kipi ni bora, ubwato mwembamba wa kuchongwa kwenye gogo au mashua pana ya mbao, hakujibu. Aliuliza, "Unakwenda wapi?" Kwenye vijia vya matete upande wa Luapula, ubwato unapita na mashua inakwama. Ukivuka maji makubwa ukiwa na mzigo, ni kinyume chake.

TULIVYOZIJARIBU

Tulikuwa na jozi tatu: milimita 78, milimita 98 na milimita 116. Mwanangu aliandika kila siku kwenye daftari lake la shule. Nawapa kwa ufupi.

1. Theluji mpya ya unga. Siku ya kwanza nzuri ilikuwa baada ya usiku wa dhoruba, kina kama cha goti. Theluji ya Utah ni nyepesi sana. Ukichukua sentimita 10 za theluji mpya ya hapa na kuiyeyusha, mara nyingi unapata maji yasiyofika sentimita 1. Hapo skii za 116 zilifanya kila kitu ambacho filamu iliahidi. Ncha haikuzama, mwanangu alisimama katikati ya buti bila kuegemea nyuma, na kugeuka kulikuwa kama kusukuma mlango uliopakwa mafuta. Na zile za 78? Zilipiga mbizi. Mara mbili ncha ilizama akapinduka mzima mzima, na tukatumia dakika ishirini kutafuta skii moja iliyofukiwa. Za 98 zilielea pia, ila zilitaka mwendo kidogo zaidi. Daftari liliandikwa: "116 mshindi. Nilisema mimi!"

2. Theluji ile ile, saa tano asubuhi. Hili watu hawalioni kwenye filamu. Unga haukai siku nzima. Ifikapo saa tano mamia ya watu wameshapita, na mlima umebaki na mafungu na mitaro. Hapa skii pana bado zilifanya kazi nzuri kwa sababu zinapanda juu ya mafungu, lakini ncha zake kubwa zinapigwa huku na huku. Zile za 98, zilizokuwa ngumu zaidi, zilikata katikati kwa utulivu. Tulisema zimelingana.

3. Njia iliyolainishwa na mashine. Usiku magari makubwa ya minyororo hupita yakikanda theluji iwe sawasawa kama uwanja. Asubuhi ya baridi njia hiyo ni ngumu, karibu na barafu. Hapa 116 zilishindwa waziwazi. Ili ugeuke kwenye theluji ngumu lazima uilaze skii upande, makali ya chuma yaume. Sasa makali ya skii nyembamba yako chini ya mguu wako, lakini makali ya skii pana yako nje ya mguu. Ni kama kujaribu kuinua upande mmoja wa meza badala ya upande mmoja wa benchi. Kazi hiyo inafanywa na kifundo cha mguu na goti. Kuzihamisha kutoka makali ya kushoto hadi ya kulia kunachelewa, na ukigusa barafu zinateleza kabla hazijauma. Baada ya saa mbili mwanangu alishika goti akasema, "Baba, leo nimechoka kama nimebeba mtu." Alipovaa zile za 78 alitabasamu. Zilikata mstari mmoja safi kama kisu kwenye sabuni.

4. Matuta. Kwenye miteremko mikali ambako watu hugeuka mahali pale pale, theluji hujipanga kuwa matuta makubwa. Kati ya tuta na tuta nafasi ni finyu. Skii pana hapo zinagongana zenyewe kwa zenyewe. Nyembamba zikashinda, za 98 zikavumilika.

5. Msituni. Katikati ya misonobari theluji hukaa laini siku nyingi, kwa sababu jua na upepo havifiki vizuri. Pana zinaelea, lakini ndefu zinachelewa kugeuka mbele ya mti, na mti hausogei. Tuliona 98 ndizo zilizotupa amani ya moyo.

6. Gamba. Theluji ikipigwa na jua mchana kisha ikaganda usiku, juu hufanyika gamba jembamba, chini laini. Skii nyembamba inatoboa gamba na kunaswa, na hapo ndipo miguu inapovunjika. Skii pana, kama ncha yake imepinda juu, mara nyingi inabaki juu ya gamba. Hapa 116 zilipata alama.

7. Theluji nzito ya Machi. Mchana jua likiwa kali theluji inalowa, inakuwa kama uji. Tuliambiwa na wenzetu waliofanya kazi California kwamba kule hata theluji mpya huwa nzito hivi, na watu huiita saruji. Upana ulisaidia kutozama, lakini kila kugeuka kulitaka nguvu. Za 98 zilitosha.

Mwisho wa Machi tulihesabu. Kati ya siku 19 tulizopanda mlimani, siku za unga wa kweli zilikuwa 4, na hata hizo, unga wenyewe ulidumu saa mbili au tatu. Na hapa ni Utah! Bonde la Little Cottonwood, penye Alta na Snowbird, hupata kwa wastani zaidi ya mita 12 za theluji kwa mwaka. Kama hapa siku za unga ni chache kiasi hicho kwa familia inayopanda siku za mapumziko tu, huko kwenye milima mingine itakuwaje? Mwanangu akaliangalia daftari lake kimya kwa muda. Kisha akasema, "Kumbe nilitaka kununua siku nne."

JAMBO ZITO KULIKO UPANA

Ndugu wasomaji, mpaka hapa ni habari ya vifaa. Lakini katikati ya majaribio yetu lilitokea jambo ambalo ndilo hasa limenifanya niandike.

Skii pana ina sifa moja ambayo muuzaji haitaji. Inamrahisishia mtu kufika mahali ambapo zamani alitakiwa awe na miaka mingi ya ujuzi kufika. Kijana wa misimu mitatu akivaa 116 anaweza kuteremka theluji ya kina kama bingwa. Mguu wake umeweza. Je, akili yake imeshajua mlima?

Ndani ya mipaka ya eneo la skii, askari wa doria hulipua baruti alfajiri ili theluji iliyolegea iporomoke kabla watu hawajafika. Nje ya kamba hakuna anayefanya kazi hiyo. Maporomoko mengi ya theluji hutokea kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, ambayo ndiyo hiyo hiyo mitamu kwa skii pana. Na mara nyingi sana anayeyaanzisha ni yule yule anayefukiwa, au mwenzake. Ukifukiwa, muda ni dakika. Baada ya kama dakika 10 hadi 15 matumaini hupungua haraka mno. Tarehe 6 Februari 2021, katika bonde la Millcreek karibu na Salt Lake City, watu wanne walifariki kwa poromoko moja. Walikuwa na vifaa na walikuwa na uzoefu. Mlima hauulizi.

Ijumaa moja jioni mwezi wa Februari mwanangu aliniambia kwamba rafiki zake watatu watapita kwenye geti la mpaka kesho yake, dhoruba ikiisha, na wamemwalika. "Nitavaa zile 116, Baba. Ndiyo siku yake." Nilimwuliza maswali matatu. Je, mmesoma tangazo la hatari ya maporomoko la Utah Avalanche Center la kesho? Je, kila mmoja ana kifaa cha redio cha kumtafuta aliyefukiwa, koleo na kijiti cha kuchomea theluji, na mmefanya mazoezi ya kuvitumia? Je, nani kati yenu atakayesema turudi, na wengine wakamsikiliza?

Akanyamaza. Kisha akasema, "Hapana. Hapana. Sijui." Nikamwambia, "Basi kesho huendi."

Hakwenda. Na wenzake? Walikwenda, wakarudi salama, wakaleta picha nzuri, wakamcheka. Siku mbili mwanangu hakunisemesha zaidi ya salamu. Wazazi mnajua ukimya huo unavyouma. Angeumia mmoja wao, Mungu apishie mbali, kila mtu angesema baba yule alikuwa na busara. Lakini hawakuumia, na mimi nikaonekana mwoga tu.

Siku ya tatu nilikaa naye jikoni. Nilimwambia kwamba kurudi salama mara moja hakuthibitishi kuwa njia ilikuwa salama. Kwetu Mweru wapo watu waliovuka ziwa upepo unavuma, wakafika, wakajisifu, wakavuka tena. Ziwa lilikuwa linawangoja tu. Ukifanya jambo la hatari na lisikudhuru, linakufundisha uongo: kwamba wewe ni hodari. Akasema, "Lakini Baba, siku moja nitakwenda?" Nikamwambia, "Ukijifunza, tutakwenda wote." Hapa kuna mafunzo ya bure ya utangulizi, yanaitwa Know Before You Go. Alihudhuria, na kilichonifurahisha zaidi, aliwavuta wawili kati ya wale rafiki zake watatu. Waliotoka wanacheka walirudi wameshika tamaa zao.

ALIVYOAMUA

Dola 650 hazikununua skii za 116. Alinunua kwanza buti zinazomkaa vizuri, kwa sababu buti ndiyo inayopeleka amri ya mguu kwenye skii, na buti mbaya inaharibu skii yoyote ile. Kwa kilichobaki alinunua skii za milimita 96 zilizotumika msimu mmoja, nami nikazinoa bila malipo. Siku nne za unga zikija tena, inshaallah, atakodi zile pana kwa siku hiyo tu. Mama yake alisema uamuzi huu ni wa mtu mzima. Mwanangu akajifanya hakusikia, lakini nilimwona anacheka.

USHAURI KWA FAMILIA NA WANAFUNZI

Mwanafunzi unayekwenda mlimani mara ya kwanza, usikubali kupewa skii pana kwa sababu zinapendeza. Omba za milimita 75 hadi 85, fupi kidogo kuliko kimo chako, kwenye njia iliyolainishwa. Hapo ndipo mguu unapojifunza makali ni nini.

Usidanganye uzito wako kwenye karatasi ya dukani. Mafundi kama mimi tunatumia uzito, kimo, umri na ujuzi kurekebisha vifungo viachie mguu unapoanguka. Ukijipunguza au ukijisifu, goti lako ndilo litakalolipa.

Panga swala zako mapema. Siku za baridi adhuhuri na alasiri zinakaribiana sana, na lifti nyingi hufungwa saa kumi jioni. Sisi hutandika mswala wetu kwenye kona ya chumba cha mapumziko, na hakuna aliyewahi kutusumbua.

Wazazi, mtoto akitaka kifaa cha bei kubwa, msianze na "ndiyo" wala "hapana". Mpeni daftari, ahesabu siku atakazokitumia kweli. Na akitaka kutoka nje ya kamba, mwulizeni yale maswali matatu, hata kama mtaonekana waoga.

Kwa wadogo zangu wa Chienge mlioniuliza ipi ni bora, jibu langu ni lile la mzee wetu: unakwenda wapi, na unakwenda na nani?